Mkono wa Salamu

Jumatatu, 12 Juni 1961

Sajini Ndalahwa wa trafiki ameniamuru ninunue daftari, na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nimelinunua. Amri yenyewe ni hii: kila siku niandike mkono wangu umevuta usukani kwenda kulia mara ngapi bila kuambiwa. Siku ya mtihani nimpelekee alisome. "Usinidanganye, Bwana Mbaruku," alisema. "Daftari la uongo mimi nalijua kwa harufu."

Haya, tuanze na aibu. Kwetu Usumbura nimeendesha malori ya mizigo miaka kumi na sita. Nimeshuka milima ambayo mbuzi mwenyewe huishuka kwa kusitasita, na sijagonga hata kuku. Lakini leseni yangu ya Wabelgiji inakwisha tarehe thelathini mwezi huu. Kurudi Usumbura kuifanya upya siwezi. Tumekuja Mwanza tangu Machi kwa sababu ya mama mkwe wangu, Bi Mwaija, ambaye ni mgonjwa na hana mtoto mwingine ila mke wangu Mwanaharusi. Basi nikaenda ofisini kuomba waniongezee muda. Karani Antoni akaishika leseni yangu juu chini, akaitazama sana, akasema, "Kifaransa kizuri hiki, lakini hapa hakiendeshi gari." Leseni ya nje hawaiongezi muda. Ni kufanya mtihani upya, kama mtoto.

Nikaufanya leo. Kwetu magari hupita kulia, huku hupita kushoto. Najua! Si mjinga, nimeendesha huku miezi mitatu. Nikaenda vizuri mpaka Butimba, tukageuza. Barabara nyeupe, hakuna gari, hakuna mtu. Nikashika njia yangu, najiona mfalme, mpaka Sajini akauliza kwa upole, "Bwana, upande huu umepewa na nani?"

Nilikuwa kulia.

Mtihani wa pili ni tarehe 17 Julai.

Jumanne, 13 Juni

Mara 4. Zote asubuhi, kabla ya chai.

Jumatano, 14 Juni

Mara 3. Mwanaharusi ameuliza naandika nini. Nimemwambia barua ya kiofisi. Amecheka, kwa hiyo ameshajua.

Jumamosi, 17 Juni

Mara 3. Nimeifikiria hii habari ya kushoto, naiona haina adabu. Kulia ndiko kwenye heri. Nakula kwa mkono wa kulia, natoa na kupokea kwa mkono wa kulia, naingia msikitini kwa mguu wa kulia. Kushoto naingilia chooni. Sasa mtu anaamka asubuhi, anamtaja Mola wake, halafu anapeleka lori zima na mizigo ya watu kushoto?

Nilimwambia hivyo Kashindye, katibu wa chama cha wakulima wa pamba, ndiye aliyeniajiri kubeba pamba kutoka Buswelu hadi kiwandani mjini. Nikamwambia Uhuru ukija Desemba, huenda serikali yetu mpya ikayahamishia magari kulia. Kashindye akavua kofia. "Tunadai nchi, Mbaruku. Upande wa barabara hatujaudai."

Jumatatu, 26 Juni

Mara 2. Pamba imeanza kufurika. Kila uwanja wa mizani mweupe.

Jumamosi, 1 Julai

Leseni yangu imekufa jana. Leo lori limetundikwa vibao vyenye L nyekundu, mbele na nyuma, na kwa sheria lazima dereva mwenye leseni akae kando yangu. Kashindye amenipa Chenge.

Chenge ana miaka ishirini na mitatu. Nilipoanza kuendesha yeye alikuwa bado ananyonya vidole. Anaendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Kila kona anapiga honi, kwa kila mbuzi anasimama, kila kilima anateremka kwa gia ndogo, injini inalia kama mfiwa. Miezi mitatu nimempita njiani kila siku namcheka. Leo amekaa kando yangu, ameweka mikono magotini, ananiambia, "Shikamoo mzee. Tukifika kwenye kona, tafadhali, honi."

Marahaba, nikamjibu. Honi sikupiga.

Kwenye mizani kina mama waliokaa juu ya magunia yao wameviona vibao. Mmoja akapaza sauti: "Jamani, huyu babu ndiyo kwanza anajifunza!" Wamecheka mpaka karani wa mizani akasahau hesabu. Mara 2.

Jumatano, 5 Julai

Mara 1. Chenge haongei. Mkono ukivuta kulia anasema "mzee" tu, polepole, basi.

Jumamosi, 8 Julai

Hakuna. Nimeandika hakuna na nimepigia mstari. Mwanaharusi amepika pilau, nikasema ni ya heshima yangu. Kasema ni ya mama, leo kaomba kula.

Jumatatu, 10 Julai

Hakuna. Nimemwambia Chenge mtihani nimeshaushinda, Sajini amebakiza kutia sahihi. Akajibu, "Inshallah, mzee," ingawa yeye ni Mkristo.

Alhamisi, 13 Julai

Mwenyezi Mungu nisamehe. Naandika haya kabla chai haijapoa, nikingoja nitayapamba.

Tulitoka Buswelu saa nne na mzigo kamili. Mbele yetu lilikuwa lori la kampuni moja ya mjini, linakwenda mbio, vumbi lake kama ukuta. Chenge akasema, "Mzee, tumwache aende, tungoje vumbi litue." Nikamwambia, kijana, mimi vumbi nimelila kabla wewe hujazaliwa. Nikaingia humo kwa mwendo uleule. Sikuona kitu. Halafu nikaona gurudumu.

Baiskeli ilikuwa inakuja, imeshika upande wake vizuri kabisa, mkono wangu wa kulia, mahali pake pa haki. Mzee juu yake, kuku amefungwa kwenye usukani. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ningenyooka tu tungepishana salama. Lakini nilishtuka, na mkono wangu haukuniuliza. Ulikimbilia kulia, kama kwetu. Ulimfuata yule mzee kulekule alikokuwa. Chenge ndiye aliyeurukia usukani na kuuvuta. Lori likapita. Hatukumgusa, lakini mzee alishajitupa mtaroni na baiskeli yake.

Nikasimamisha lori, nikashuka mbio. Nilimsikia kabla sijamwona, ananitukana kwa Kisukuma, na wallahi sijapata kusikia matusi matamu kama yale, maana maiti hatukani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko. Tulimpakia, Chenge akaendesha mpaka hospitali. Anaitwa Shimba, mfugaji wa Buswelu.

Sasa hili ndilo linalonichoma. Mlangoni mwandishi wa hospitali aliuliza, "Ameumiaje?" Na mimi nikasema, "Baiskeli iliteleza kwenye vumbi. Sisi tumemwokota."

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa. Mtihani ni Jumatatu. Nikifungiwa, Bi Mwaija tutamtunza kwa kitu gani? Nilimtazama Chenge, akatazama chini. Nilimtazama mzee Shimba. Alikuwa ananitazama mimi. Hakusema kitu.

Mara 1.

Ijumaa, 14 Julai

Sikuandika "mara 1" ile kwa ujinga. Nimeitazama leo kutwa. Siku nne mfululizo hakuna, hakuna, halafu 1, na hiyo moja ilitaka kuua mtu. Sajini anataka hesabu, na hesabu yangu inamwambia karibu nimepona.

Tulikwenda mpaka kiwandani. Halafu akasema, "Mzee, jana sikusema kitu kwa sababu wewe ni mkubwa. Lakini chakula hakinipiti." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia leseni anayo yeye, wasiwasi wa nini. Ukweli ni kwamba pale kitini kwa sheria mwenye dhamana ni yeye, na uongo wangu nimemvika naye pia.

Jumamosi, 15 Julai

Nimekwenda kwa mzee Shimba. Mwanaharusi kanifungashia sukari na majani ya chai, kasema tu, "Usikae sana kwa mgonjwa." Yeye nilimwambia kila kitu. Hakunigombeza, na hilo limeniuma kuliko ugomvi.

Mkewe, Mama Getruda, alinipokea uwanjani kama mfadhili. Kiti, maziwa, "asante baba, Mungu akubaliki, wewe ndiye uliyemuokota." Mzee alitoka ndani, mkono umefungwa kifuani. Nikamwamkia, nikanyoosha wangu. Akanipa wa kushoto.

"Nisamehe, nakupa mkono wa kushoto," alisema. "Wa kulia unao wewe."

Mkewe hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikasema palepale mbele ya mama yule: "Baba, baiskeli yako haikuteleza. Mimi nilikufuata upande wako."

Mama Getruda akachukua kikombe cha maziwa mkononi mwangu, bado nusu, akaingia nacho ndani. Mzee Shimba akacheka mpaka mbavu zikamuuma, akashika mbavu.

"Mbaluku," alisema, "ulifikili mimi sikuona? Gali kubwa kama lile linanijia usoni? Nilinyamaza kwa sababu uchungu ulikuwa mwingi, siyo kwa wema. Na kuku wangu yuko wapi?"

Kuku! Kuku alikuwa ametoroka mtaroni. Nilimwambia nitamleta mwingine. Akasema hataki mwingine, anataka yule, alikuwa anataga. Nimekubali kwamba nitamtafuta. Nimemtafuta kweli, mimi na Chenge, katika mawe yote ya njia ya Buswelu mpaka jua kuzama. Hatukumpata. Chenge kapiga mluzi wa kuitia kuku muda wote huo bila kulalamika. Ndipo nilipomwomba radhi.

Jumapili, 16 Julai

Ukurasa wa tarehe 13 nimeushika kwa vidole viwili. Ukichanwa vizuri hauonekani, daftari limeshonwa kwa uzi. Mwanaharusi alikuwa anamlisha mama uji. Hakugeuka. Alisema, "Mama alikuwa anasema, ukitaka kumjua mtu mpe kitu chake mwenyewe akufiche." Bi Mwaija akasema, kwa sauti ndogo, "Sijasema hivyo." Tukacheka wote watatu, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ukurasa upo.

Jumatatu, 17 Julai

Sajini Ndalahwa alilisoma daftari amesimama. Alipofika tarehe 13 akakaa. Alisoma mara mbili. Antoni karani alikuwa anagonga mihuri, akaacha.

"Mtu wa hospitali uliyemdanganya, umemwendea?"

"Asubuhi hii, afande, kabla ya kuja hapa."

"Chenge alijua?"

"Aliniambia tungoje vumbi litue, nikamkatalia. Aliyeokoa mtu ni yeye."

Alifunga daftari. "Watu wananiletea hapa barua za wakubwa, wananiletea samaki, wananiletea machozi. Aliyeniletea kosa lake limeandikwa, ni wewe wa kwanza." Nikadhani ndiyo amenisamehe. Akaendelea: "Mtihani hakuna. Utakwenda kwa hakimu. Mpaka tarehe 14 Agosti usiguse usukani, hata wa baiskeli. Baada ya hapo anza tena na L. Mtihani wako ni Jumatatu ya tarehe 2 Oktoba. Na daftari likijaa, nunua jingine."

Nilimshukuru. Nilishangaa kujisikia namshukuru kweli.

Ijumaa, 21 Julai

Hakimu amenitoza faini, nimelipa, yameisha. Kashindye hakunifukuza. Amenipa kazi ya kupakia magunia pale Buswelu. Kina mama wa mizani sasa wananiita Fundi Magunia.

Alhamisi, 27 Julai

Kwenda kazini ni kwa miguu. Miaka kumi na sita barabara nimeitazama kutoka juu. Leo nimeitazama kutoka chini. Lori likija hujui dereva amekuona au hajakuona. Unasikia mlio, unashika mtoto wa mtu yeyote aliye karibu, unaingia majanini, unafumba macho na mdomo. Likipita wote mmekuwa rangi moja. Mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa aliniambia, "Huyu ni mwema, huyu hupiga honi." Nikafungua macho. Alikuwa Chenge, anapita polepole kwa gia ndogo, injini inalia kama mfiwa.

Nimekaa juu ya jiwe nimekumbuka kila siku niliyomcheka.

Jumapili, 6 Agosti

Mzee Shimba amenipa mkono wa kushoto tena. Kila nikienda ananipa wa kushoto na kila mara anaomba msamaha kwa sauti kubwa ili nisikie vizuri. Mama Getruda sasa kanirudishia maziwa, lakini nusu kikombe. Anasema ni ile nusu yangu.

Jumanne, 15 Agosti

L imerudi. Mara 3! Mara tatu, baada ya mwezi! Chenge kasema, "mzee," mara tatu. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa kabisa. Nikamwambia Mwanaharusi, kichwa kimejifunza, mkono umekataa. Mkono huu wa Usumbura, utakufa hivyo. Na siku moja utaua mtu.

Alikuwa anasonga ugali. Akauliza, "Yule mzee anakupa mkono gani?"

"Wa kushoto. Ananiadhibu."

"Kwa nini ni adhabu?"

"Salamu ni ya mkono wa kulia, mke wangu, hilo nalo la kuuliza?"

"Basi wewe ukiwa ndani ya lori, ukaja unakutana na mtu," alisema, bado anasonga, "huku kwetu anapita mkono wako upi?"

Nikafikiri. Nikakaa kwenye kiti changu, nikashika usukani wa hewa. Lori liko kushoto mwa barabara, majani yapo kando ya Chenge. Anayekuja anapita... dirishani kwangu. Mkono wa kulia.

"Na kwenu Usumbura?"

Kwetu alipita kushoto. Miaka kumi na sita nimewapita watu wote kwa mkono wa chooni, Astaghfirullah, na ndio niliokuwa najivunia adabu zao!

"Basi acha kufikiri kushoto," Mwanaharusi alisema. "Mtu akija, mweke penye mkono wa salamu. Njoo ule."

Jumatano, 16 Agosti

Mara 1. Nimemsalimia kila mtu. Mwenye punda, mwenye baiskeli, basi la Nyegezi, watoto wa shule. Mkono wa kulia dirishani, "Habari za asubuhi!" Chenge alidhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza alifikiri mpaka Buswelu, halafu akasema, "Mzee, siku zote mimi nafanya hivyo. Sikujua kwamba ndiyo njia."

Jumatatu, 21 Agosti

Hakuna. Sikupigia mstari.

Jumamosi, 2 Septemba

Hakuna. Vumbi la lori jingine. Nilisimama, nikapiga honi, nikangoja litue. Chenge akanimenyea chungwa.

Jumanne, 12 Septemba

Bi Mwaija ametembea mpaka mlangoni. Aliuliza kama mimi bado ni mwanafunzi. Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema vizuri, wanafunzi hawazeeki.

Ijumaa, 22 Septemba

Ng'ombe walivuka ghafla, mteremko wa mawe. Nilishtuka sana. Lori lilisimama limenyooka, upande wake. Nilitazama mkono wangu wa kulia juu ya usukani, umetulia, nikaubusu mbele ya ng'ombe na mchungaji wao. Hakuna.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeshinda.

Sajini alinipitisha Butimba, pale pale, barabara nyeupe, hakuna mtu. Nikageuza, nikashika kushoto. Akauliza, "Hapa hakuna wa kumsalimia. Umejuaje?" maana alikuwa ameshasoma daftari. Nikamwambia, afande, nimemwachia nafasi yake, atakuja.

Antoni aligonga muhuri. Leseni ya Tanganyika, jina langu, kwa wino. Naandika shukrani hapa kwa sababu mdomoni sikuweza: kwa Sajini aliyeninyima, kwa Kashindye aliyenipa magunia, kwa mke wangu na mwiko wake wa ugali, na kwa Chenge. Chenge alifungua vibao vya L yeye mwenyewe, akavifuta vumbi kwa shati lake. Nilimwambia avitupe. Akakataa. Anasema kuna mtu mwingine atakuja.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza asubuhi. Pamba ya mwisho ya msimu, nusu lori, na mimi peke yangu ndani. Kando yangu, kwenye kiti cha Chenge, mtetea ndani ya tenga. Si yule, lakini anataga, nimehakikisha.

Nilikuwa nakaribia kona ya ule mtaro. Nikapiga honi. Ng'ambo ya kona kengele ya baiskeli ikanijibu. Akatokea mzee Shimba, ameshika upande wake, kofia imelowa. Nikapunguza mwendo karibu na kusimama. Na yeye akaondoa mkono wa kulia kwenye baiskeli, akaunyoosha. Haujanyooka wote, kiwiko kimebaki na kona kidogo. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake.

"Mbaluku!"

Nikatoa wangu dirishani. Viganja vyetu vilipigana pale, katika mvua, tukapishana.

Nimefika kiwandani ndipo nimekumbuka daftari, nikajaribu kukumbuka kama pale konani nilifikiri kushoto au kulia. Sikufikiri. Nilimwona mtu anakuja, nikampa mkono. Na mtetea bado nilikuwa naye, ikabidi nigeuze nimfuate mzee mpaka kwake, napiga honi njia nzima.